Mwanahistoria wa Majumba Makongwe ya Pwani: Mwongozo Kamili wa Kuianza Kazi na Kuishi Nayo

Jumba kongwe likianguka, hubaki kifusi na karatasi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Sayyid Barghash, iliporomoka Forodhani, Unguja, tarehe 25 Desemba 2020. Anayetaka kusimamisha tena jengo la mwaka 1883 anahitaji kujua mambo ambayo kifusi peke yake hakiwezi kumwambia: nguzo ipi ya chuma ilisimama wapi, ukuta upi ni wa Sayyid Barghash na upi uliongezwa baada yake, sakafu ilikuwa na matabaka mangapi. Anayeweza kujibu maswali hayo kwa ushahidi ndiye mwanahistoria wa majumba. Wapo wachache mno ukilinganisha na nyumba zinazodondoka kila masika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifanya kazi hiyo Pwani ya Afrika Mashariki: Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, Lamu iliyofuata 2001, Mombasa, Bagamoyo, Kilwa. Msimamo wetu ni kwamba kazi hii hujengwa juu ya faili la nyumba moja lililokamilika. Shahada husaidia na vibali ni lazima, lakini atakayekuajiri atataka kuona nyumba uliyoiandika mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo ni namna ya kulitengeneza faili hilo.

Masomo, lugha na mkono wa fundi

Shahada ya kwanza ya historia, akiolojia au usanifu majengo inatosha kuanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha historia na pia akiolojia na urithi; Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu majengo; Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi vina faida ya kuwa karibu na nyumba zenyewe. Mombasa kuna Centre for Heritage Development in Africa, kituo cha mafunzo ya makumbusho na urithi. Ukisoma historia, jifunze kuchora kwa vipimo. Ukisoma usanifu, jifunze kusoma hati. Wengi huishia upande mmoja, na kazi zao hujionyesha: ama michoro mizuri isiyojua nani aliishi ndani, ama hadithi nzuri isiyojua mlango uko wapi.

Lugha ndiyo mtaji wako. Kiswahili unacho, na hilo linakuweka mbele ya watafiti wengi wa kigeni, ila ukijue pia kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana barua na hati nyingi za karne ya 19 ziliandikwa hivyo. Tahadhari moja: hati za zamani hazitofautishi kila sauti ya Kiswahili. Herufi ya "b" yaweza kusimama mahali pa "p" au "mb", kwa hiyo jina moja husomeka kwa namna mbili tatu. Liandike kama lilivyo, kisha weka usomaji wako pembeni. Usilisahihishe kimyakimya.

Kiarabu cha hati hakihitaji miaka 10 ya masomo. Hati za mauzo, rehani na wakfu hurudia maneno yaleyale, na mtu akikaa na mwalimu anayezijua kwa miezi michache ataanza kuzifuata. Kigujarati kinafungua vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Kihindi. Usipokijua, tafuta mzee wa kukusomea na umlipe. Anayefanya kazi Bagamoyo, Dar es Salaam au Tanga anahitaji Kijerumani, tena pamoja na mwandiko wa mkono wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa.

Jambo la tatu halifundishwi darasani. Tafuta fundi mwashi anayefanya kazi ya chokaa na umsaidie kazi mfululizo kwa wiki kadhaa: kuzimua chokaa, kuchanganya na mchanga na udongo mwekundu, kupiga lipu, kupanga boriti. Usipojua ukuta wa mawe na chokaa unavyojengwa, hutajua umebomolewa wapi ukajengwa upya.

Kuchagua nyumba ya kwanza, na ruhusa

Usianze na kasri. Makasri yamepitia mikono mingi, yana ofisi nyingi za kuombea ruhusa, na yamekarabatiwa mara nyingi hata tabaka la mwanzo halionekani kirahisi. Chagua nyumba ya ghorofa mbili au tatu yenye mambo manne: mwenye nyumba au mpangaji aliyeridhia, mlango wa nakshi ambao haujahamishwa, angalau hati moja ya karatasi, na mtu mzima aliyekulia humo. Ukikosa mawili kati ya hayo, tafuta nyumba nyingine.

Ruhusa ni za ngazi tatu na zote ziwe kwa maandishi. Ya kwanza ni ya wenyeji wa nyumba. Ya pili ni ya chombo kinachosimamia eneo: Unguja ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Kenya ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ya tatu ni kibali cha utafiti: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa Tanzania Bara, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake wenyewe, kwa hiyo kibali cha Bara hakikuvushi bahari. Anza kuomba miezi mitatu kabla.

Jua sheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na inataja waziwazi milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Kwa vitendo maana yake ni hii: usibandue lipu ili kuona kilicho chini yake, usichukue kipande cha boriti nyumbani, na usimwelekeze yeyote kwa mnunuzi wa milango.

Unguja kuna suala ambalo lazima uliingie kwa adabu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali na kugawiwa wapangaji, na wazao wa wenye nyumba wa zamani wengine wako Maskati, Dubai au Uingereza. Mgeni anayebisha hodi na kuuliza "nyumba hii ilikuwa ya nani?" hudhaniwa ametumwa na mrithi. Anza kwa kueleza kazi yako, onyesha barua, acha nakala, na siku ya kwanza uliza habari za jengo tu: paa linavuja wapi, kisima kiko wapi. Habari za umiliki ziache zije zenyewe, au zitoke kwenye nyaraka. Mombasa na Lamu mambo ni hayohayo kwenye nyumba za wakfu.

Kupima

Vifaa: kipimo cha leza, tepu ya mita 5 na ya mita 30, timazi, pima maji, ubao wa karatasi za A3, penseli, tochi kali, kamera, na rula ya sentimita 50 yenye milia ya kuweka ndani ya kila picha. Watu wawili wanatosha. Mtu mmoja hatoshi, kwa sababu anayeshika tepu hawezi kuandika.

Kwanza zunguka nyumba nzima bila kupima. Chora kila ghorofa kwa mkono na uvipe vyumba namba kwa mpangilio mmoja, kwa mfano kutoka mlangoni kuelekea kulia. Namba hizo zisibadilike tena, maana ndizo zitakazobeba picha, mahojiano na hati.

Kisha pima kila chumba: kuta zote nne, na pembe kwa pembe mara mbili. Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Wanadhani chumba ni mraba kamili, wanapima urefu na upana tu, wakifika kwenye mchoro kuta hazikutani. Nyumba zetu hufuata vichochoro, na vyumba vyake ni nadra kuwa na pembe sawa. Unapopima ukuta wenye milango na madirisha, tandaza tepu mara moja kutoka kona na usome kila kitu kuanzia sifuri. Ukipima kipande kwa kipande, makosa madogo hujumlishana. Pima kimo sehemu mbili za chumba, na unene wa ukuta kila penye mlango au dirisha. Kuta za nusu mita na zaidi ni za kawaida.

Ukimaliza ghorofa, fanya hesabu moja: jumlisha upana wa vyumba na unene wa kuta, ulinganishe na kipimo cha nje. Vikitofautiana kwa sentimita 5 au 10, rudia vipimo. Vikitofautiana kwa mita nzima, umegundua kitu: ngazi iliyozibwa, shimo la choo cha zamani, au chumba kilichojengewa ukuta. Hesabu hiyo imewafunulia watafiti mengi kuliko kamera.

Ramani za sakafu zichore kwa mizani ya 1:50, mlango wa nakshi kwa 1:10. Picha zipewe majina yanayojieleza, kwa mfano "NY01_gh1_chumba3_kaskazini_2025-03-14". Picha isiyo na namba ya chumba, baada ya mwaka mmoja, haina maana yoyote.

Kuusoma ukuta

Anza na boriti. Vyumba vya zamani vya Pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikandaa hubeba upana wa mita 2.5 hadi 3 tu. Ukikuta chumba kipana kuliko hapo kisicho na nguzo wala mhimili, uliza dari yake imebebwa na nini: mbao nzito za kigeni au vyuma. Vyuma mara nyingi vina chapa ya kiwanda iliyochomoza ubavuni. Imulike kwa tochi kutoka pembeni, herufi zitajitokeza kwa vivuli. Beit al-Ajaib yenyewe, kwa kumbi zake pana na nguzo za chuma, ni jumba lililoivunja sheria ya boriti. Barghash aliishi uhamishoni Bombay kuanzia 1859 baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake Majid, na akiisha kutawala, 1870 hadi 1888, vyuma na nakshi za India zilionekana wazi katika majengo yake.

Halafu mpangilio wa vyumba. Nyumba ya Lamu ya karne ya 18 huingiliwa kwa daka (ukumbi wa mlangoni), kisha tekani (kipito cha ndani), kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu msana wa tini na msana wa yuu (kumbi ndefu za chini na za juu), na ndani kabisa. Kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi na nakshi za plasta zinavyoongezeka, mpaka kwenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo. Ukikuta zidaka kwenye chumba ambacho leo ni duka la barabarani, jua mlango mkuu ulihamishwa. Utendi wa Al-Inkishafi, ulioomboleza majumba ya Pate, unazitaja zidaka zilizokuwa na vyombo vya kauri zikiwa sasa makao ya ndege, na huo ni ushahidi wa maandishi kuhusu matumizi yake. Nyumba ya Kiomani ya Unguja ni tofauti: vyumba vinazunguka uwanja wa ndani, kuta za nje hazina mapambo na paa lilikuwa sakafu tambarare. Nyumba ya Kihindi huanza na duka mbele, makazi juu, na roshani zinazotazama njia. Nyumba nyingi ni mchanganyiko, na mchanganyiko ndio habari yenyewe.

Paa la vigae lina saa yake. Kiwanda cha vigae cha Basel Mission kule Mangalore, India, kilianza 1865 na kilipiga chapa vigae vyake. Kigae chenye chapa hiyo hakiwezi kuwa kimewekwa kabla ya mwaka huo. Hakikuambii nyumba ilijengwa lini: kinaweza kuwa cha ukarabati, au kimetolewa kwenye jengo jingine. Kanuni hiyo itumie kwa kila kifaa chenye chapa, yaani kinakupa mwaka ambao kazi haikufanyika kabla yake, basi.

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ni alama ya ukarabati wa karne ya 20 au baadaye. Iandike kwa makini, kwa sababu inaeleza pia ugonjwa wa nyumba. Chokaa huruhusu unyevu kupanda na kutoka. Saruji huufungia ndani, chumvi hukusanyika, ncha za boriti huoza mahali zinapoingia ukutani, na dari hushuka. Mwanahistoria anayeweza kumwonyesha mwenye nyumba uhusiano wa mambo hayo hupata kazi ya pili.

Mlango ni shahidi anayependwa kuliko anavyostahili. Vizingiti vya juu vilivyonyooka vyenye maandishi ya Kiarabu kwa kawaida ni vya mtindo wa mapema, na vya nusu duara vyenye majani na maua ni vya mkono wa Kihindi, mwishoni mwa karne ya 19. Lakini milango imeuzwa, imerithiwa na kuhamishwa. Kabla hujautumia kuitaja tarehe ya nyumba, tazama miimo: je, lipu inayoizunguka ni ya tabaka moja na ukuta? Je, fremu inalingana na upenyo, au pana mawe ya kujazia? Je, mfaa (nguzo ya katikati ya mlango) na mbao za mlango ni za mti mmoja?

Tarehe ya Hijria ikiwepo, izidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unakupa 1883. Hayo ni makadirio tu, maana mwaka wa Hijria huangukia kati ya miaka miwili ya Miladia: 1300 ulianza Novemba 1882. Andika "1300 H (1882–83)". Kumbuka pia kwamba siku huanza magharibi jua likizama. "Usiku wa Ijumaa" kwenye hati ni Alhamisi jioni ya kalenda ya ofisini.

Nyaraka: ziko wapi na zinasemaje

Anzia karibu. Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, zina mafaili ya ubalozi wa Uingereza yanayoanza na herufi AA na ya Sekretarieti yanayoanza na AB, pamoja na hati za Kiarabu. Gazeti rasmi la Zanzibar lililoanza 1892 hutangaza minada, mirathi na vibali. Lisome ukurasa kwa ukurasa kwa miaka inayohusu nyumba yako, kwa sababu faharasa hazitoshi. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa zenye mafaili ya Wajerumani. Nairobi, Kenya National Archives. Mombasa, maktaba ya Fort Jesus. Kwa hati za umiliki za Pwani ya Kenya, fuatilia mashauri yaliyotokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ambapo watu walilazimika kueleza mbele ya msajili walivyoipata ardhi yao. Maelezo hayo ni dhahabu.

Mbali zaidi: Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kuna mafungu ya FO 54 na FO 107 kwa Zanzibar ya karne ya 19 na CO 618 kwa ya karne ya 20. Berlin kuna Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, kundi R 1001. Rowley, Massachusetts, kwenye maktaba ya Phillips, kuna karatasi za wafanyabiashara wa Kimarekani wa Salem, ambao ubalozi wao Unguja ulifunguliwa 1837. Maskati kuna Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka ya Oman. Usipande ndege mapema. Qatar Digital Library imeweka mtandaoni bure nyaraka nyingi za India Office (ofisi ya Uingereza iliyosimamia India), na Chuo Kikuu cha Northwestern kimeweka mkusanyiko wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki.

Picha za zamani zitie tarehe kwa majengo yaliyomo. Mfano ulio wazi ni ufukwe wa Forodhani. Mnara wa saa ulikuwa umesimama peke yake mbele ya makasri mpaka mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Baadaye Beit al-Ajaib ikapewa mnara unaoota kwenye uso wake. Mnara ukiwa peke yake, picha ni ya kabla. Ukiwa umeungana na jengo, ni ya baada. Vita hivyohivyo vimeacha mtego wa majina: kasri la kwanza la Beit al-Sahel liliharibiwa, na jengo linaloonekana leo lilijengwa baadaye palepale. Mtafiti anayechukua maelezo ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani 1886, akayabandika kwenye vyumba vya jengo la sasa, anaelezea nyumba ambayo haipo.

Sasa hati zenyewe. Hati ya nyumba hutaja mipaka minne kwa majirani. Huku kwetu Makka iko kaskazini, kwa hiyo "kibla" kwenye hati ni kaskazini na "suheli" ni kusini. Chora kisanduku cha nyumba yako katikati na majirani wanne pembeni, kisha tafuta hati za majirani nao ufanye vivyo hivyo. Baada ya hati 10 au 15 mtaa mzima utakuwa umejichora, na nyumba isiyo na hati itajulikana kwa kutajwa na wenzake.

Vipimo huwa kwa dhiraa, takriban sentimita 46, lakini mkono wa mtu si rula. Usibadilishe kuwa mita kisha ukategemea desimali. Bei hutajwa kwa riale za Maria Theresa au rupia. Unguja ilibaki na rupia mpaka mwanzo wa 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu kwa rupia, wakati Kenya ilikuwa tayari kwenye shilingi tangu 1921. Ukilinganisha bei ya nyumba ya Mombasa na ya Unguja za mwaka 1930, angalia sarafu kwanza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni bei ya khiyari. Hati inasema fulani ameuza nyumba kwa fulani, huku muuzaji akibaki na haki ya kuirudisha akilipa ndani ya muda. Kwa sura ni mauzo. Kwa kweli mara nyingi ni mkopo, nyumba ikiwa dhamana, uliopangwa hivyo ili kukwepa riba. Muuzaji hubaki akiishi mlemle na kulipa "kodi". Asiyejua hili huandika kwamba nyumba ilibadilisha mikono mara sita ndani ya miaka 20, kumbe familia ilikuwa ileile ikikopa kila msimu wa karafuu. Tazama neno khiyari, tazama muda, kisha tazama kama muuzaji anatokea tena kama mwenye nyumba.

Tafuta pia walioijenga na kuitumikia. Utajiri wa majumba haya ulitoka kwenye karafuu, pembe na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa ukafutwa kisheria 1897. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, na madeni yaliyofuata yanaonekana kwenye rehani. Kwenye hati waliokuwa watumwa hutajwa kama "khadimu wa fulani", wakinunua kibanda Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, au wakiachiwa chumba cha chini kwa wasia. Faili linalotaja sultani, balozi na tajiri bila kumtaja aliyebeba mawe halijakamilika, hata kama kila kipimo ni sahihi.

Kuzungumza na wazee

Fanya mahojiano ndani ya nyumba, mkitembea chumba kwa chumba. Kumbukumbu hukaa mahali: mtu asiyekumbuka kitu akiwa kwenye kiti, akisimama jikoni atakuambia moto ulikuwa upande gani. Uliza vitu vinavyoshikika: nani alilala wapi, maji yalitoka wapi, wageni wanaume waliishia mlango gani, maiti alioshwa chumba kipi, harusi zilifanyiwa wapi, nani alikuwa na funguo. Kwa habari za ndani waulize wanawake, na kama wewe ni mwanamume nenda na mwenzako mwanamke. Nusu ya nyumba hutaijua bila wao.

Saa moja hadi saa moja na nusu inatosha kwa siku. Rekodi kwa faili la WAV, taja mwanzoni tarehe, mahali na namba ya chumba, na uombe idhini kwa maneno yanayosikika kwenye rekodi. Uliza pia kipi kisichapishwe, ukiheshimu. Shikamoo na subira ya kahawa ni sehemu ya kazi. Aliyekuja na orodha ya maswali 40 na saa mkononi hujibiwa "ndiyo" na "sijui". Rudi na picha za zamani mara ya pili: picha hufungua yale ambayo maswali hayakuyafungua.

Kuliandika faili

Faili zuri lina kurasa 30 hadi 50: mahali na ramani, maelezo ya chumba kwa chumba, michoro, historia ya ujenzi kwa awamu, historia ya watu, hali ya jengo, na nakala za hati. Sehemu ngumu ni awamu za ujenzi, kwa sababu hapo ukuta, karatasi na wazee huanza kupingana. Usiwapatanishe kwa nguvu. Tumia ngazi tatu za usemi na uzifuate kila sentensi: imethibitika, inaelekea, inasemwa.

Chukua jumba la Dunga, Unguja, alilojenga Mwinyi Mkuu (mtawala wa wenyeji wa Unguja) Muhammad bin Ahmed kati ya 1846 na 1856. Inasemwa kwamba watu waliuawa na damu yao ikachanganywa na chokaa ili jumba liwe na nguvu. Waongoza watalii huisimulia kama tukio lililoonekana. Watafiti wengine huifuta kabisa. Vyote viwili ni uvivu. Andika nani anaisimulia na tangu lini imeandikwa, andika kwamba imewekwa chini ya "inasemwa", halafu uliza masimulizi yanabeba nini: watu wa Unguja walikumbuka kwamba jumba lilijengwa kwa jasho la kulazimishwa, na kumbukumbu hiyo ina thamani yake katika historia ya nyumba hata kama damu haikumwagwa kwenye tanuri la chokaa.

Riziki

Ajira za kudumu zipo kwenye makumbusho, idara za mambo ya kale, mamlaka za uhifadhi na vyuo, nazo ni chache na hutangazwa mara moja moja. Wengi huishi kwa kuunganisha kazi: tathmini ya athari kwa urithi kabla ya ujenzi mpya ndani ya mji wa hifadhi, historia ya jengo kwa hoteli, maandishi ya maonyesho, kufundisha waongoza watalii, na utafiti kwa familia zilizoko Oman au Ulaya. Hii ya mwisho hulipa vizuri na ndiyo yenye hatari: andika kwenye mkataba kwamba unatoa historia, hutoi ushahidi wa umiliki.

Toza kwa siku, ukitenganisha siku za kupima, za nyaraka na za kuandika, na usiruhusu siku za nyaraka zifutwe kwenye bajeti. Mteja huona kupima. Kusoma Gazeti la miaka 15 haoni. Dai theluthi moja kabla ya kuanza. Weka kifungu kinachokuruhusu kuweka nakala ya faili kwenye nyaraka za umma baada ya muda mtakaokubaliana, na kingine kinachokataza kubadilishwa kwa matokeo yako bila jina lako kuondolewa. Hoteli zitakuomba umweke mgeni maarufu aliyewahi kulala hapo. Kama hakulala, hakulala.

Faili likiisha, tengeneza nakala nne: moja kwa wenye nyumba, iliyochapwa na yenye picha zao; moja kwa mamlaka ya uhifadhi; moja kwa nyaraka za taifa; moja yako, ikiwa na nakala mtandaoni. Rekodi za wazee zipelekwe kwao pia, kwenye simu au kadi wanayoweza kuifungua. Kisha chukua mchoro wa majirani uliokwisha kuujaza na uanze nyumba ya upande wa kibla.